FER+: kura kumi kwa kila uso, na jua la Mikindani

Anayeanza kuifundisha kompyuta kusoma sura ya mtu huelekezwa FER2013, mkusanyiko wa picha za nyuso: picha 35,887 za kijivu, pikseli 48 kwa 48, zilizokusanywa kwa kutafuta mtandaoni. Picha zinafaa, ila lebo zake, yaani jina la hisia lililobandikwa kila uso, zina makosa mengi. Hata binadamu waliojaribiwa nazo walipatia kama asilimia 65 tu. Mwaka 2016 Microsoft ikatoa FER+: picha zilezile, kila moja imepigiwa kura na watu 10, kila mtu akitaja hisia anayoiona.

Utamu wake uko kwenye kura. Tuseme uso mmoja umepata huzuni 6, kawaida 3, hasira 1. Usiwape ushindi wale sita ukawatupa wanne. Gawanya kwa 10, ifundishe modeli (programu inayojifunza kusoma sura) kwa 0.6, 0.3 na 0.1, ijue kwamba uso huo una ubishi.

Kuunganisha kura na picha ndiko kunakoponza wengi. Faili la fer2013new.csv lina kura, halina picha. Picha zimo kwenye fer2013.csv, na mawili hayo yanaoana kwa mpangilio wa mistari basi. Ukifuta mstari mmoja upande mmoja, kila uso unaofuata unavaa lebo ya jirani, na programu haikwambii kitu. Safu ya NF ni ya picha zisizo na uso: ziondoe baada ya kuunganisha, si kabla.

Kinyaa ni kichache mno. Kwenye FER2013 kina picha 547, furaha 8,989. Modeli inaweza kukikosa chote na bado ikakuonyesha asilimia nzuri, kwa hiyo soma alama za kila kundi peke yake.

Sasa ipeleke modeli ufukweni Mikindani, Mtwara, saa saba mchana. Mvuvi anayetazama jua hukunja ndita na kufinya macho. Nyusi zimeshuka, modeli inasema hasira. Kwenye pikseli 48 nyusi ni vistari viwili vitatu, haina kingine cha kushika. Mpige picha kivulini. Bahari ikimeremeta nyuma yake, kamera hupima mwanga wa maji na uso wake mweusi unazama gizani: gusa uso kwenye skrini ndipo upige.

Dosari kubwa zaidi ni maneno. Hisia nane za FER+ hazina pa kuweka kununa, ambako si hasira wala huzuni, wala haya ya mtu aliyeinamisha uso mbele ya mkwewe. Mpiga kura aandike kwanza neno lake mwenyewe, orodha ije baadaye. Picha 300 za watu wa hapa, kwa sekunde 10 kila moja, ni dakika 50 kwa mpiga kura mmoja. Tafuta kumi, wawemo wazee wa Kimakonde na vijana wa Shangani.

FER+ ni bure, na kwa kujifunzia tunaipa nyota nne. Kwa kupima wafanyakazi au wateja, hata moja haipati. Microsoft wenyewe mwaka 2022 walitangaza kuiondoa huduma ya kusoma hisia kwenye Azure Face, huduma yao ya kutambua nyuso.