Prometheus na Grafana kwa kufuatilia seva: nimeitumia, naipa alama za juu

Wakuu, kama una seva kadhaa na mpaka leo unajua kuna shida pale mteja anapokupigia simu analalamika, hii inakuhusu. Mimi natumia Prometheus (inakusanya na kutunza vipimo vya seva) na Grafana (inavichora kwenye grafu), zote bure, na kwa kazi hii sioni sababu ya kulipia kitu kingine.

Kilichonikosha ni utaratibu wake. Kila seva unaweka kaprogramu kanaitwa node_exporter, kenyewe kanakaa poti 9100 na kutoa namba za CPU, memori, diski na netiweki kwa maandishi ya kawaida, hata ukifungua kwenye brauza unazisoma. Halafu Prometheus ndo inazunguka kuzichota, ukiiseti kila sekunde 15 inapita kila sekunde 15, yani seva haitumi chochote inafuatwa huko huko iliko. Kwa hiyo seva ikizima inajulikana fasta, kipimo kinachoitwa up kinageuka 0 tu. Prometheus yenyewe ilianzia SoundCloud, ile huduma ya muziki mtandaoni, mwaka 2012, imekomaa.

Grafana kuipandisha ni rahisi mno. Poti 3000, unaingia kwa admin na admin (badilisha hapo hapo tafadhali), unaiunganisha na Prometheus, unaingiza dashibodi namba 1860 (ipo tayari kwenye tovuti ya Grafana) na grafu zinajaa zenyewe.

Shughuli ipo kwenye PromQL, lugha ya kuulizia data ya Prometheus. Mfano node_cpu_seconds_total ni kaunta, inapanda tu haishuki, ukiichora ilivyo haikwambii kitu mpaka uipitishe kwenye rate (inapiga hesabu ya kasi ya kupanda) ndo unaona CPU inatumikaje. Na memori angalia MemAvailable (inayoweza kupatikana programu zikiihitaji), achana na MemFree (isiyotumika kabisa), maana Linux inatumia memori iliyobaki kuhifadhi mafaili na utapata presha ya bure. Ila ukishaizoea kuna predict_linear, aisee hii naipenda sana, inapima diski inavyojaa na kukadiria kama saa 4 zijazo itakuwa imeisha, unaifunga na Alertmanager (programu ya kutuma tahadhari) meseji inakufuata Telegram unafuta malogi mapema kabla databesi haijagoma.

Nisichokipenda ni kwamba usipogusa kitu inatunza data siku 15 tu. Ukitaka kulinganisha mwisho wa mwezi huu na uliopita hupati, ongeza muda kwenye mpangilio wa Prometheus unaoitwa storage.tsdb.retention.time, na diski isikutishe kwa sababu kila namba inakula wastani wa baiti 1 mpaka 2.

Lingine, node_exporter ikishawekwa haiulizi nywila, yeyote akigonga 9100 anasoma kila kitu. Funga hiyo poti kwenye fayawoli ibaki IP ya Prometheus peke yake. Na Prometheus iweke mashine ya pembeni, ukiiweka kwenye seva ile ile unayoifuatilia siku ikianguka zinaanguka pamoja na hakuna wa kukuamsha.

Mwenye seva moja tu asijitese na yote haya, aweke Netdata, programu nyingine ya kufuatilia seva, afungue poti 19999 aendelee na kazi.