Ritalin kwa mwanangu: namna tulivyopata dozi yake hapa Lubumbashi

Dawa inamsaidia. Naanza na hilo kwa sababu ndilo wazazi wenzangu wa Lubumbashi wanalouliza kwanza. Lakini miligramu 5 tu za nyongeza zilitosha kumgeuza akawa mtoto mwingine.

Ana miaka tisa. Ugonjwa wake wa kutotulia na kushindwa kukaza akili, waganga wa hapa, yaani madaktari, wanauita TDAH, kifupi chake cha Kifaransa. Kabla ya kuandika ordonansi (karatasi ya dawa), munganga wa akili aliuliza kama katika ukoo kuna wagonjwa wa moyo, akampima presha, mapigo, kilo na urefu. Kisha akaanza na miligramu 5 asubuhi, vile vidonge vya muda mfupi ambavyo nguvu yake hudumu masaa matatu hadi manne. Dozi hii haifuati kilo peke yake kama dawa ya malaria. Mtoto mwembamba anaweza kuhitaji nyingi kuliko mnene, ndiyo maana unaanzia chini na kupanda polepole huku ukiangalia.

Kuangalia ndiyo kazi kubwa. Mwalimu wake, Mungu ambariki, alikubali kuandika kwenye kaye (daftari) kila siku: amemaliza zoezi? Amegombana kwenye rekre (mapumziko)? Mimi niliandika chakula, usingizi na hali yake ya jioni. Kwa 5 hatukuona kitu. Kwa 10 akaanza kunakili ubao mpaka mwisho, na kicheko chake kikabaki. Kwa 15 mwalimu akaandika "ametulia kabisa", na shangazi zake wakashangilia. Mimi niliogopa. Haimbi, haulizi swali, bukari (ugali) inabaki kwenye sahani, usiku macho wazi. Munganga aliposoma kaye akarudisha 10 palepale. Utulivu wa namna ile unaonyesha dozi imezidi.

Mchana dawa ilipomwishia alikuwa mkali kuliko hata zamani, basi tukaongezewa 5 adhuhuri. Ikichelewa sana, usingizi unaweza kuharibika. Kwa mtoto anayesoma zamu ya mchana, munganga atapanga masaa mengine.

Mama mkwe alitaka maombi. Tulikwenda, tukaomba naye, na vidonge vikaendelea.

Ninachopunguzia alama ni upatikanaji. Dawa hii iko chini ya udhibiti wa kimataifa tangu mkataba wa mwaka 1971, si farmasi nyingi zinazoiweka, na bei inauma. Vidonge vya kuhesabiwa mkononi bila boksi sinunui. Hamu ya kula nayo imepungua, kwa hiyo anakunywa uji mzito kabla ya kidonge, na bukari na sombe (majani ya muhogo) anakula usiku njaa ikirudi. Kilo zake tunazifuatilia kila tukienda kwa munganga.

Dozi ya mwanangu usimpe wako. Ila kaye iombe mapema, mwalimu aandike wiki nzima kabla ya kidonge cha kwanza, ili munganga awe na cha kulinganisha.