"Simba wa nani huyu?" Beast ilivyotazamwa Kitogani

Beast nilikuwa nimeipita mara kadhaa kwenye orodha ya filamu za kukodi mtandaoni. Ile picha ya muigizaji Idris Elba na simba ilinitosha. Nikadhani mwisho wake ninao mkononi. Nimeilipia safari hii kwa sababu skuli zimefungwa, tuko Kitogani, kusini Unguja, kwa bi mkubwa, na binti zangu wawili, wa miaka 15 na 11, walitaka filamu ya kutisha lakini isiwe ya mashetani.

Kero kwanza. Hapana maandishi ya Kiswahili, wala hutoambiwa mpaka umeshalipa. Tena intaneti ya kijijini ilikuwa ikiganda kila simba akikaribia, tukawa tunamtazama kaachama mdomo dakika nzima. Mwishowe tukaizima, tukaiacha ishuke yote kwenye simu, tukaanza upya baada ya Isha. Binti yangu mkubwa akakaa karibu na bibi yake akimtafsiria.

Hadithi yenyewe haihitaji mkalimani mwingi. Daktari wa Marekani (ndiye Elba), mkewe kafariki kwa saratani, anawapeleka binti zake wawili Afrika Kusini kwenye asili ya mama yao. Mwenyeji wao ni rafiki wa zamani anayesimamia hifadhi. Wanafika kijiji kimoja wanakuta watu wameuliwa, na muda si muda simba anaifuata gari yao. Filamu ni ya 2022, muongozaji ni Baltasar Kormákur, na inakwisha kwa saa moja na nusu hivi. Hilo la urefu naliweka upande wa sifa.

Sifa kubwa ni kamera. Haikatikati, inatembea nyuma ya mtu, inazunguka gari, inaingia ndani, na wewe shingo inakuuma kwa kutazama nyasi za pembeni. Simba ametengenezwa kwa kompyuta, na mara moja mbili anaonekana hivyo, khasa anaporuka. Lakini akiwa nje ya dirisha, anapumua tu, binti yangu wa miaka 11 alihamia mapajani kwa bibi yake na hakutoka tena.

Kilichonigusa mimi ni ugomvi wa baba na mkubwa wake. Wazazi walikuwa wameshaachana kabla ya mama kuumwa, na binti hajamsamehe baba kwa kutokuwepo. Wanagombana humo humo garini, simba yuko nje. Mwanangu aliacha kutafsiri pale. Bi mkubwa akamuuliza, "Wasemaje?" Akajibu, "Mambo yao, bibi."

Sasa nije kwenye jambo lililotugawa. Mwanzoni majangili wanalimaliza kundi zima la simba, anasalimika dume mmoja, na tokea hapo anaua kila binadamu anayemkuta, wala nyama haili. Shemeji yangu, mtu wa Lindi aliyemuoa dada yangu, alicheka. Kwao utotoni walikuwa wakilala dunguni kulinda mazao yasiliwe na nguruwe-mwitu, na simba walikuwa wakiwafuata nguruwe hao mpaka mashambani. "Simba ana njaa, hana kisasi," alisema. Na hesabu ziko upande wake: watafiti waliokuwa pamoja na Craig Packer, mtaalamu wa simba, walikuta watu zaidi ya 563 waliouliwa na simba Tanzania kati ya 1990 na 2004, Rufiji na Lindi zikiwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika mno, na mashambulizi yakizidi msimu wa mavuno. Baadaye wakaonesha kuwa hatari hupanda usiku wa giza, siku zinazofuata mwezi mpevu. Huyu wa Beast anawinda jua kali, kutwa nzima, kama mtu mwenye kazi ya kumaliza.

Bi mkubwa alikuwa na maoni mengine kabisa. "Kaua, hali? Huyo katumwa. Simba wa nani huyu?"

Kwa mtu wa kusini Unguja swali hilo si mzaha. Kakulia pembeni ya msitu wa Jozani, wakati ambapo chui akichukua mbuzi wako hulaumu msitu, unatafuta jirani uliyekosana naye. Chui wa kufugwa ana mwenyewe, anatumwa na anarudi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 wachawi walisakwa pamoja na chui wao, na chui wa Unguja wakapungua mpaka wengi wakaamini wamekwisha. Ile picha ya chui iliyonaswa na kamera na kurushwa kwenye televisheni mwaka 2018 bado watu wanabishania. Basi bi mkubwa aliitazama filamu nzima akimsubiri mwenye simba ajitokeze. Na ukifikiri, katokea dakika za mwanzo kabisa, na bunduki zake. Waandishi wa filamu walikuwa nayo hiyo mkononi kisha wakaiacha. Majangili wanarudi katikati, wanaondolewa haraka, tukabaki na mtu na simba wakitwangana. Pale mwishoni Elba anamrushia simba ngumi, na hapo hata mdogo alicheka.

Tulipomwambia bi mkubwa kwamba huyu Elba ndiye yule ambaye mwaka 2024 ilitangazwa katengewa ardhi hapa Zanzibar ajenge studio za filamu, aliuliza kama anakuja na mnyama wake.

Kwa upande wangu, Crawl ya 2019 imenitisha zaidi, ile ya baba na binti walionasa chini ya nyumba na mamba huko Florida, kimbunga kinapiga na maji yanapanda. Mamba wale hawana kisasi na mtu.

Beast naipa nyota tatu na nusu kwa tano. Damu ipo ya kutosha, maiti zinaoneshwa, na matusi ya Kiingereza hayakosi. Wa miaka 11 ningemlaza kwanza. Na ishushe yote kabla hujakaa.