Holy Dragons wa Almaty: uzoefu wangu na albamu ya Jörmungandr

Niseme mapema. Kama hupendi magitaa mawili yakifukuzana, mwimbaji anayepanda juu mpaka mishipa ya shingo inamsimama, na nyimbo za majoka na maangamizi, albamu hii haitakubadilisha. Pita tu, hatugombani. Lakini kama uliwahi kuazimwa kanda ya Iron Maiden au Judas Priest, zile bendi za Uingereza zilizotamba miaka ya themanini kwa hevi metali, yaani roki nzito ya magitaa ya umeme, ukairudisha imelegea kwa kuchezwa, basi hawa jamaa wa Kazakhstan ni wako, na sijui kwa nini huku kwetu hawatajwi kabisa.

Bendi inaitwa Holy Dragons. Makao yake ni Almaty, jiji kubwa kuliko yote Kazakhstan, lililolala chini ya milima yenye theluji na lililokuwa makao makuu ya nchi hiyo hadi 1997. Bendi iliundwa 1992. Nguzo zake ni wapiga gitaa wawili wanaojiita Jürgen Thunderson na Chris Caine. Ni majina ya jukwaani, na ukiyasikia tu unajua watu hawa wanatania kidogo na wako makini sana kwa wakati mmoja, jambo ambalo hevi metali imelifanya tangu ianze. Albamu ninayoizungumzia ni Jörmungandr: The Worm of Doom, iliyotolewa 2022 na Pitch Black Records, kampuni ndogo ya Kupro inayojishughulisha na muziki wa aina hii.

Nilinunua faili, kwa kadi ya mtandaoni ya M-Pesa. Malipo yalipita bila maswali. Kupakua ndiko kulikonila bando, kwa sababu nilichagua faili kubwa zisizopunguzwa ubora, na ningekushauri ufanye hivyo hivyo hata kama itabidi usubiri usiku bando likiwa rahisi. MP3 iliyobanwa sana inayaua matoazi kwenye muziki huu. Badala ya kulia, yanachacharika kama mafuta ya kukaangia mihogo. Na usiisikilizie kwenye matatu. Matatu ina muziki wake, dereva hakuombi ruhusa, na hedifoni za mia tatu haziwezi kushindana naye.

Sasa muziki wenyewe. Ukitaka kujua kama bendi inaijua kweli miaka ya themanini au imevaa tu koti lake la ngozi, sikiliza mkono wa kulia wa mpiga gitaa. Ule mwendo wa farasi ambao Steve Harris wa Iron Maiden aliufanya alama yake kwenye besi, kwa vidole, bila kipigio, una hesabu yake: pigo moja refu, mafupi mawili, tena na tena. Kwenye gitaa, ubavu wa kiganja unalazwa juu ya nyuzi karibu kabisa na mahali zinapofungwa, ili sauti ikatike ibaki kavu. Ukikaza kiganja kupita kiasi, nyuzi zinakufa. Ukilegeza, kila kitu kinakuwa tope. Bendi nyingi changa zinazojaribu kuurudisha muziki huu hupungukiwa hapo hapo. Zina vifaa vizuri, nywele ndefu, picha za kupendeza, lakini mkono umelegea. Holy Dragons mkono wao umekaza. Unasikika kama mkono wa watu waliofanya kazi hiyo moja miaka thelathini.

Kisha kuna yale magitaa mawili. Moja linashika sauti ya kwanza, la pili linafuata wimbo ule ule likiwa juu yake kidogo, yanakwenda sambamba, na yakifika mwisho wa mstari moja linatoroka na solo. Mtindo huu si wa kwao, na hawajidai ni wao. Judas Priest waliusuka, Iron Maiden wakaukamilisha, Wajerumani kama Helloween wakauongezea mbio pale 1987 na 1988 na hapo ndipo watu walipoanza kuzungumzia pawa metali kama tawi lake. Ninachopenda kwa hawa wa Almaty ni kwamba wamesimama upande wa kabla ya mambo kuwa matamu mno. Pawa metali ya baadaye, hasa ya Ulaya miaka ya mwisho ya tisini, ilijaa kinanda na kwaya mpaka ukatafuta gitaa kwa tochi. Hapa gitaa ndilo lenye nyumba. Kibwagizo kinaimbika, ndiyo, lakini bado kuna uchafu kidogo kwenye sauti, ukali wa kina Accept, bendi nyingine ya Wajerumani, na mwimbaji hapigi kelele za kuonyesha tu kwamba anaweza.

Jina la albamu linatoka kwenye ngano za watu wa kale wa kaskazini mwa Ulaya. Jörmungandr ni nyoka aliyetupwa baharini na miungu, akakua mpaka akauzunguka ulimwengu mzima na kujing'ata mkia. Thor, mungu wa radi, aliwahi kwenda kumvua, na chambo chake kilikuwa kichwa cha ng'ombe dume. Siku ya mwisho wanakutana tena. Thor anamuua, anapiga hatua tisa, kisha naye anaanguka kwa sumu. Ni hadithi iliyotumiwa na bendi za Scandinavia mpaka ikachakaa. Kuisikia kutoka Asia ya Kati kunaipa ladha nyingine, maana hawa hawana sababu ya kudai kwamba ni urithi wa babu zao. Wameichukua kwa sababu ni hadithi nzuri ya kutisha na inaendana na magitaa. Inatosha.

Hapo kuna jambo linalonigusa kama msikilizaji wa Nairobi. Ukimwambia mtu kuna bendi ya metali kutoka Kazakhstan, swali la kwanza ni kama wanapiga dombra, kile chombo chao cha nyuzi mbili, au kama wanaimba kwa koo. Wapo wanaofanya hivyo na wanafanya vizuri. Ulytau, wa Kazakhstan pia, wamechanganya dombra na gitaa la umeme, na The Hu wa Mongolia wameujaza ulimwengu kwa fidla yao yenye kichwa cha farasi. Sina neno nao, The Hu nawasikiliza. Lakini Holy Dragons wamekataa kuwa maonyesho ya utalii. Wanapiga hevi metali, basi. Yeyote anayefuata roki ya hapa kwetu anaujua mtego huo. Bendi ya Nairobi ikipanda jukwaani na magitaa, kuna mgeni atakayeuliza ngoma za asili ziko wapi. Duma, wale vijana wawili waliotoa albamu yao 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala, waliupita mtego kwa kufanya kelele ambazo hazina mahali pa kuwekwa kabisa. Holy Dragons wameupita kwa njia ya kinyume, kwa kung'ang'ania kitu chenye kanuni zinazojulikana na kukifanya vizuri.

Na wanayo haki ya kung'ang'ania. Fikiria tarehe. Katika Umoja wa Kisovieti santuri zilitolewa na kampuni moja ya serikali, Melodiya. Muziki wa magharibi ulipita mlango wa nyuma. Kizazi cha miaka ya hamsini kilikuwa kikichonga nyimbo zilizopigwa marufuku juu ya picha kuukuu za eksirei, ukaweza kushika santuri mkononi ukaona mbavu za mtu. Kizazi kilichofuata kilinakili kutoka kanda hadi kanda, kila nakala ikipoteza kidogo. Moscow ilipata bendi yake kubwa ya hevi metali, Aria, mwaka 1985. Agosti 1989 wanamuziki wa roki wa magharibi, Ozzy Osbourne, Scorpions na Bon Jovi, wakapiga kwenye uwanja wa Lenin jijini humo. Tarehe 28 Septemba 1991 AC/DC na Metallica wakapiga kwenye uwanja wa ndege wa Tushino, Moscow hiyo hiyo, mbele ya umati ambao hata leo ukiutazama kwenye video unaogopa. Siku nne tu kabla ya hapo Nirvana, bendi ya roki ya mtindo mpya, walikuwa wametoa albamu ya Nevermind huko Marekani, na ndani ya muda mfupi kampuni za muziki za magharibi zikaanza kuwafungia mlango watu wa magitaa mawili na suruali za kubana.

Yaani karamu iliwafikia hawa wa Almaty wakati wenyeji wanakusanya viti. Almaty iko zaidi ya kilomita 3,000 kutoka Moscow, kwa hiyo hata makombo yalichelewa. Kazakhstan ilijitangazia uhuru Desemba 1991, na bendi ikaundwa mwaka uliofuata, nchi ikiwa bado inatumia sarafu ya rubo iliyorithi kwa Wasovieti; tenge, sarafu yao, ilianza Novemba 1993. Bendi hii ni ya kale kuliko pesa za nchi yake. Kwa hiyo mtu anaposema wanaifufua miaka ya themanini, mimi nasita. Ukifufua, maana yake kitu kilikuwepo kikafa. Hawa walianza kujenga kitu ambacho kwao hakikuwahi kufika kikamilifu, na hawakuacha kukijenga hata mtindo ulipobadilika mara nne. Ndiyo maana hakuna dhihaka ndani yake. Bendi nyingine za ufufuo, hasa za vijana wa Ulaya, unazisikia zikikonyeza jicho.

Mabaya yapo pia, tena si madogo. Ngoma zimerekodiwa safi kupita kiasi. Miguu miwili kwenye ngoma kubwa inakimbia bila kupumua, kila pigo lina uzito ule ule, na baada ya nyimbo kadhaa sikio linachoka. Rekodi za miaka ya themanini zilikuwa na chumba ndani yake, ulisikia ukuta. Hapa husikii ukuta. Besi nayo imezikwa. Niliipata tu nilipounganisha spika kubwa ya shemeji yangu, na hata hapo ilibidi nipunguze sauti za juu. Kwa muziki unaomheshimu Steve Harris, hilo linauma. Kiingereza cha mwimbaji kina lafudhi nzito, na kuna mistari ambayo sikuipata hata baada ya kurudia. Hilo halinisumbui sana. Nimekua nikiimba lingala bila kuelewa neno na furaha haikupungua. Ila ukiwa mtu wa kusoma mashairi, jua hivyo.

Pia si albamu ya kumeza kwa mkupuo mmoja. Nguvu ile ile mwanzo hadi mwisho inafanya nyimbo za kati zianze kufanana. Mimi huigawa mara mbili, nusu nikienda kazini kwa miguu, nusu jioni nikiosha vyombo, na hapo ndipo zile nyimbo za mwishoni zilipoanza kunikaa kichwani. Mwendo wa farasi na sufuria vinaelewana vizuri.

Baada ya hii nilirudi nyuma kuisaka albamu yao ya Zerstörer, waliyoitoa karibu miaka kumi kabla, na nadhani kwa msikilizaji mpya ndiyo yenye uzito zaidi kwa maana yake. Mada ni vita vya nyuklia. Bendi za metali mia zimeimba kuhusu bomu, na wengi wao bomu walilijua kwenye filamu. Kazakhstan ndiko Wasovieti walikolijaribu. Kwenye uwanja wa Semipalatinsk, kaskazini mashariki mwa nchi, yalifanyika majaribio 456 kati ya 1949 na 1989, mengine hewani kabisa, huku watu wa vijiji vya karibu wakiishi chini ya vumbi lake. Bomu la kwanza lililipuliwa tarehe 29 Agosti 1949, na uwanja ukafungwa rasmi tarehe hiyo hiyo mwaka 1991. Umoja wa Mataifa umeifanya kuwa siku ya kupinga majaribio ya nyuklia. Ukiyajua hayo, maangamizi ya kwenye nyimbo zao hayabaki mapambo ya jalada. Nilisikiliza upya hata Jörmungandr, na yule nyoka mwenye sumu alinitia baridi kuliko mwanzo.

Wameimba kwa Kirusi pia kwenye kazi zao za zamani, na ukizipata, zisikilize. Kirusi kinawakaa mdomoni kuliko Kiingereza, konsonanti zinapiga pamoja na ngoma. Sauti ya rekodi hizo za kale ni duni, bila shaka, lakini chumba kinasikika.

Kwa hiyo nani anunue? Kama unaanza kabisa, usianzie hapa. Anza na British Steel ya Judas Priest ya 1980, kaa nayo, kisha uje. Kama wewe ni wa zamani na ulidhani kila kitu kilishasemwa kabla ya 1990, nunua Jörmungandr kesho. Bei ya faili ni chini ya chakula cha mchana cha watu wawili mjini. CD inauzwa pia, ila piga hesabu ya kusafirisha na ushuru kabla hujabonyeza, maana inaweza kuzidi bei ya CD yenyewe. Mimi nimeamua kuwasubiri ndugu walio Ujerumani waje nayo Desemba.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeinyima kwa sababu ya zile ngoma.