Kichujio kipi cha tangi la samaki? Anza na sponji, riakta iwe ya mwisho

Duka la samaki wa mapambo hukuonyesha kwanza mtambo wa bei kubwa. Wewe anzia rafu ya chini.

Namba moja yangu ni sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa. Haina sura na inakula nafasi, lakini kwa tangi la lita 100 kushuka chini sijaona cha kuishinda. Mapovu yakipanda kwenye bomba huvuta maji yapite kwenye sponji, na humo ndimo wanamokaa bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitreti. Umeme ukikatika, unachomeka pampu ndogo ya USB kwenye pawabenki, maisha yanaendelea. Nunua pia valvu ya kuzuia maji kurudi nyuma, ile ndogo ya kuunganisha kwenye mpira wa hewa; bila hiyo, maji yanaweza kushuka hadi ndani ya pampu.

Sponji ikichafuka, ikamue kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa tangini. Yangu ya kwanza niliiosha bombani mpaka ikang'aa, nikajisifu. Klorini iliwamaliza bakteria, na kabla ya wiki kuisha samaki walikuwa juu wanahema.

Cha pili ni kile cha kuning'iniza ukingoni mwa tangi. Ni rahisi kusafisha, ila angalia kibandiko: huku kwetu tunatumia volti 230, na vya kutoka Marekani huwa vya 120. Usitupe katriji, ile pedi ya kuchujia iliyo ndani, kila mwezi kama boksi linavyotaka. Weka kipande cha sponji, uwe unakisuuza.

Kanista, lile kopo linalokaa chini ya meza, naiweka ya tatu. Ukifuga mbuna, wale samaki wa miambani wa Ziwa Nyasa, kwenye lita 200 au zaidi, ipandishe iwe ya kwanza, maana wale wanakula na kuchafua kweli. Tafuta yenye mzunguko wa mara nne au tano ya ujazo wa tangi kwa saa, na ukumbuke namba ya kwenye boksi hupungua ukishaijaza. Umeme ukikatika saa nyingi, usiiwashe tu: imefungwa, hewa huisha ndani na bakteria hufa. Mwaga kwanza uvundo huo.

Riakta ndiyo ya mwisho. Ni silinda ya plastiki inayosukuma maji kutoka chini kwenda juu kupitia mkaa amilifu au chembechembe za oksidi ya chuma zinazonasa fosfeti, kirutubisho kinacholisha mwani. Haichukui nafasi ya kichujio. Wanaoihitaji hasa ni wenye matumbawe kwenye tangi la maji ya chumvi. Ukiinunua, chagua yenye valvu ya kurekebisha mkondo na kifuniko cha skrubu kinachofunguka bila vita. Suuza chembechembe mpaka maji yatoke meupe kabla hujaiunganisha na tangi. Fungua maji polepole: za chuma zicheze kidogo kwa juu, kama uji unaoanza kuchemka. Mkaa usirukeruke, utasagana uwe vumbi na maji yote yawe meusi. Anza na nusu ya kipimo cha chembechembe za chuma, kwani fosfeti ikishuka ghafla matumbawe hudhurika. Mkaa ubadilishe kila baada ya wiki nne hivi. Za chuma zibadilishe pale kipimo cha fosfeti kinapoanza kupanda tena. Kama huna kifaa cha kupima fosfeti, kinunue kabla ya riakta.