Kusajili kampuni ya teknolojia ukiwa Tanga: mfumo wa BRELA

Kwa kijana wa Tanga mwenye wazo la programu ya simu, faida kubwa ya mfumo wa usajili mtandaoni wa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni, ni kukuondolea nauli ya Dar es Salaam. Ila usiingie mikono mitupu. Andaa namba za NIDA (kitambulisho cha taifa) na TIN (namba ya mlipakodi) za wakurugenzi. Kampuni binafsi inataka wanahisa wawili au zaidi, mwisho 50.

Anza kwa kutafuta jina. Likifanana na lililokwisha sajiliwa, halipiti. Kwenye sehemu ya kuchagua shughuli za kampuni, uandishi wa programu uko chini ya msimbo 6201. Ukichagua ovyo, leseni ya biashara itakusumbua baadaye huko halmashauri ya jiji.

Sehemu inayokwamisha wengi ni nyaraka. Fomu uliyojaza unaipakua, unaichapa, wahusika wanasaini, kisha unaiskani na kuipandisha pamoja na katiba ya kampuni na tamko la kufuata sheria lililosainiwa mbele ya wakili. Picha ya simu yenye kivuli cha mkono haifai. Nenda steshenari yoyote ya Ngamiani wakuskanie PDF moja yenye kurasa zote. Hakikisha pia majina yanalingana na ya NIDA herufi kwa herufi: Mohamed na Mohammed ni watu wawili.

Ada hupanda kadiri mtaji wa hisa unavyokua, kwa hiyo kuandika mabilioni ya kujifurahisha ni hasara tupu. Malipo ni kwa simu au benki.