Mpiga picha za harusi: fundi wa kamera au mtu wa watu?

Ukumbini penye giza ufundi hauna mjadala. Anayeijua kamera yake atafungua tundu la lenzi hadi f/1.8 liingize mwanga mwingi, atapandisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) hadi 3200 na kushika shata (pazia linalofunguka na kufunga mwanga) kwenye 1/200 ya sekunde, ili mkono unaovisha pete usitoke na ukungu. Picha zitahifadhiwa kwenye kadi mbili kwa pamoja, maana kadi huharibika bila hodi na pete haivishwi tena.

Upande wa pili yupo aliyekaa na wachumba kabla ya siku yenyewe. Anajua bibi harusi hapendi kupigwa upande wa kushoto, na kwamba wazazi waliotengana wasisimamishwe bega kwa bega. Mbele yake kicheko kinakuja chenyewe. Kwa fundi mnunaji, hata mwanga uwe mzuri vipi, nyuso hukakamaa kama za pasipoti.

Bei haisaidii kuwatofautisha.

Mimi ningeanza na ufundi, ila wa kutosha tu: omba kuona harusi nzima aliyopiga, si picha chache teule. Akishavuka hapo, namchukua yule anayeuliza majina ya wazazi kabla ya kuuliza malipo ya awali.